Gustav Killian: Daktari Aliyechungulia Mapafuni

Mtu akipaliwa na chakula, hukohoa kikatoka, mambo yakaisha. Lakini je, kikishuka na kukwama karibu na pafu? Hebu niwasimulie maisha ya Gustav Killian, mtu ninayemhusudu sana.

Killian alizaliwa mwaka wa 1860 mjini Mainz, Ujerumani. Alisomea udaktari, akabobea katika magonjwa ya koo na pua, kisha akafundisha katika chuo kikuu cha Freiburg. Zama hizo, mfupa ukizama kifuani ulikuwa balaa. Njia ya hewa huziba, usaha hujaa, mgonjwa hushikwa na nimonia. Wengi walikufa hivyo hivyo.

Killian hakukurupuka. Alichunguza maiti, akaona kwamba njia za hewa si ngumu kama bomba la chuma. Zinapinda na kusogea bila kuchanika. Basi, mrija ulionyooka ungeweza kupita!

Mwaka wa 1897 aliletewa mkulima wa miaka 63 aliyekuwa amepaliwa na mfupa wa nguruwe. Killian alimpaka kokaini kooni ili asisikie uchungu. Akapitisha mrija mdomoni, akamulika kwa taa, na kweli, mfupa huo hapo, upande wa kulia! Aliunasa kwa koleo ndefu, akautoa pole pole. Hakuna kisu kilichogusa kifua cha mzee yule. Jamani, huo si ustadi?

Mwaka wa 1911 Killian alihamia Berlin, na huko ndiko alikofariki mwaka wa 1921. Kazi yake haikufa. Siku hizi madaktari hutumia pia mrija unaopindika, uliobuniwa na Mjapani Shigeto Ikeda katika miaka ya 1960. Hawatoi mifupa tu. Tezi zilizougua kifua kikuu huweza kujaa chokaa, zikawa ngumu kama mawe na kutoboa njia ya hewa. Kijiwe kilicholegea huweza kutolewa kwa mrija. Kilichong'ang'ania huhitaji upasuaji.

Ndugu zangu, Killian alithubutu, lakini alijiandaa kwanza. Yule mkulima hakuokolewa na bahati. Aliokolewa na saa nyingi za uchunguzi ambazo yeye mwenyewe hakuziona. Nasi tunapochoshwa na somo la baiolojia, tusikimbie. Huenda kuna mtu anayetungoja.