Mary Lou Williams: Mpiga piano aliyeuza mitumba ili kuwatibu wanamuziki wenzake

MWISHONI mwa miaka ya 1950 kulikuwa na duka dogo la mitumba upande wa mashariki wa Manhattan, jijini New York. Ndani yake zilitundikwa nguo, viatu na kofia zilizotolewa na wanamuziki maarufu wa jazi, na aliyesimama nyuma ya meza ya mauzo alikuwa mwanamama wa makamo, mcha Mungu na mwenye sauti ya upole.

Muuzaji huyo aliwahi kuwaandikia muziki Benny Goodman na Duke Ellington. Jina lake lilikuwa Mary Lou Williams, na kila senti iliyopatikana dukani humo ilikusudiwa kuwasaidia wanamuziki wagonjwa, hususan walionaswa na dawa za kulevya.

Alizaliwa Mei 8, 1910 mjini Atlanta, kusini mwa Marekani, na akapewa jina la Mary Elfrieda Scruggs. Mama yake alikuwa na mazoea ya kumpakata huku akipiga kinanda, na siku moja mtoto huyo aliurudia wimbo aliousikia kwa vidole vyake mwenyewe. Familia ilihamia Pittsburgh akiwa bado mdogo.

Huko walipokewa na chuki. Baadhi ya majirani weupe waliirushia nyumba yao matofali. Kilichotuliza mambo ni vidole vya binti huyo, kwani haukupita muda majirani wale wale wakawa wanamwita nyumbani kwao awapigie piano. Akiwa bado msichana alikuwa tayari anatunzwa fedha kwa kazi hiyo.

Aliolewa na mpiga saksafoni John Williams, ambaye baadaye alijiunga na bendi ya Andy Kirk yenye makao yake Kansas City. Mwanzoni Mary Lou hakuwa mwanabendi rasmi. Ilimpasa kusubiri hadi mpiga piano wa kawaida akosekane ndipo akae mbele ya kinanda. Mwaka 1930 alirekodi Chicago santuri yake ya kwanza akiwa peke yake, na hapo ndipo kampuni ya santuri ilipomtangaza kwa jina la Mary Lou.

Hadi alipoiacha bendi hiyo mwaka 1942 alikuwa nguzo yake, akitunga, akipanga sauti za ala na kupiga piano. Sifa zilikuwa nyingi, fedha chache. Kama ilivyokuwa kwa watunzi wengi weusi wa zama hizo, sehemu kubwa ya mirabaha ya kazi zake iliishia mikononi mwa wengine.

Mambo hayo ya fedha ndiyo yanayoeleza kwa nini mwanamuziki wa jazi alipougua alikuwa hana pa kushika. Nchini Marekani bima ya matibabu kwa kawaida ilitokana na mwajiri, na mpiga tarumbeta anayelipwa usiku kwa usiku katika klabu hii na ile hakuwa na mwajiri wa kudumu. Mirabaha, ambayo ingeweza kuwa akiba yake, haikumfikia.

Kwa waathirika wa dawa za kulevya hali ilikuwa mbaya zaidi. Mjini New York mtu hakuruhusiwa kufanya kazi katika klabu zinazouza pombe bila kadi maalumu iliyotolewa na polisi, na aliyepatikana na kosa la dawa za kulevya aliweza kunyang'anywa kadi hiyo. Thelonious Monk aliikosa kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 1951. Hivyo mgonjwa aliadhibiwa kwa kuondolewa riziki ambayo ingemlipia tiba. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1967.

Wengi walipelekwa au walijipeleka katika hospitali ya serikali kuu iliyoko Lexington, jimbo la Kentucky, mahali palipochanganya tiba na kifungo. Walipotoka walirudi katika mitaa ile ile na kwa marafiki wale wale.

Mary Lou aliwafahamu watu hao kwa majina. Katika miaka ya 1940 nyumba yake ya Hamilton Terrace, mtaani Harlem, ilikuwa kama darasa la usiku. Klabu zilipofungwa alfajiri, Monk, Bud Powell, Dizzy Gillespie na vijana wengine waliokuwa wakiuunda mtindo wa bebop walikwenda kwake kupiga piano, kula na kubishana juu ya muziki. Aliwazidi umri, na walimheshimu kama mlezi.

Ni katika kipindi hicho alipotunga Zodiac Suite, kazi yenye sehemu 12 iliyofuata alama za nyota, na kuipiga katika ukumbi wa Town Hall Desemba 31, 1945. Baadhi ya wasikilizaji hawakujua waiweke kundi gani, jazi au muziki wa kale wa Ulaya.

Mwishoni mwa 1952 alikwenda Uingereza kwa ziara iliyokusudiwa kuwa ya siku chache, akabaki Ulaya kwa takriban miaka miwili. Usiku mmoja wa mwaka 1954 mjini Paris aliinuka katikati ya onyesho, akaiacha piano na kuondoka. Alikuwa amechoka na maisha ya klabu, na moyo wake ulikuwa umeelekea kwenye sala.

Alirejea New York mwishoni mwa mwaka huo. Miezi michache baadaye, Machi 12, 1955, Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyekuwa kinara wa bebop, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 34 tu, mwili wake ukiwa umeharibiwa na heroini na pombe. Mary Lou alikuwa miongoni mwa waliosimamia maandalizi ya tamasha la hisani lililofanyika Aprili mwaka huo katika ukumbi wa Carnegie Hall kuwachangia watoto wa marehemu.

Ukumbi ulifurika. Hata hivyo, fedha hizo zilikuwa za rambirambi, na hazikuweza kumrudisha aliyekwisha kuzikwa. Kuanzia hapo Mary Lou alitaka kuwafikia wagonjwa wakiwa bado hai.

Alianzia nyumbani. Hamilton Terrace, lililokuwa darasa, likageuka hospitali isiyo na daktari. Aliwapokea wanamuziki waliotaka kuacha dawa, akawapikia, akawapa pa kulala, akakesha nao walipotetemeka kwa kukosa sindano. Aliuza au kugawa mavazi yake ya jukwaani. Wapo waliopona na wapo waliomwibia. Hakufunga mlango, jambo ambalo hata marafiki zake waliona limepita kiasi.

Mei 7, 1957 alibatizwa katika Kanisa Katoliki pamoja na Lorraine, mke wa Dizzy Gillespie. Mapadri waliokuwa karibu naye pamoja na Gillespie mwenyewe walimsihi arudi kwenye piano, kwa hoja kwamba kipaji hicho nacho ni namna ya ibada. Julai mwaka huo alipanda jukwaani na bendi kubwa ya Gillespie katika tamasha la Newport, baada ya ukimya wa takriban miaka mitatu.

Mwaka uliofuata alianzisha taasisi ya Bel Canto. Mpango wake ulikuwa kununua nyumba nje ya jiji, mbali na wauza dawa, ambako wanamuziki wangepata madaktari, mapumziko na vyumba vya kufanyia mazoezi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamuziki hawezi kupona kwa kutengwa na muziki.

Septemba 1958 alirudi Carnegie Hall, safari hii kwa tamasha la hisani la Bel Canto. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja kupita kiasi, kwani alihangaika mwenyewe na wapigaji, tiketi na barua za kuomba msaada. Baada ya gharama kulipwa, kilichobaki hakikukaribia bei ya nyumba. Waandaaji wa matamasha ya hisani popote walipo wanaifahamu hesabu hiyo, ambayo ukumbi, matangazo na vyombo hulipwa kwanza, na mgonjwa hulipwa mwisho.

Ndipo likaja duka la mitumba. Wanamuziki wenzake, wakubwa kwa wadogo, walimpa nguo na vitu walivyokuwa hawavihitaji. Juu ya hayo, alijitoza fungu la kumi katika kila malipo aliyopata kwa kupiga piano na kuliingiza kwenye mfuko huo huo. Kodi ya duka, hata hivyo, ilikula sehemu kubwa ya mapato, na alipokuwa safarini kikazi mlango ulibaki umefungwa. Hatimaye duka lilifungwa moja kwa moja, na ile nyumba ya mapumziko haikununuliwa.

Ni rahisi kusema kuwa alishindwa. Ukweli ni kwamba wapo waliolala kwake, wakala kwake na kulipiwa kodi za nyumba kwa fedha za mitumba hiyo, katika miaka ambayo walio wengi walimhesabu mwanamuziki mraibu kuwa mhalifu tu.

Miaka yake iliyofuata ilijaa kazi. Alitunga muziki wa kumuenzi Mtakatifu Martin de Porres, akaanzisha lebo yake ya santuri na kusaidia kuanzisha tamasha la jazi la Pittsburgh mwaka 1964. Februari 1975 misa aliyoitunga kwa jazi ilipigwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Mwaka 1977 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, na huko, kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi, alipata mshahara wa uhakika.

Saratani ya kibofu cha mkojo ilimfika akiwa kazini hapo. Alifariki dunia mjini Durham Mei 28, 1981 akiwa na umri wa miaka 71, na kuzikwa Pittsburgh.

Mwaka 1989 kundi la wapenzi wa jazi wa New York lilianzisha Jazz Foundation of America, kwa shabaha ya kuwasaidia wanamuziki wazee na wagonjwa. Gillespie, yule yule aliyempa Mary Lou jukwaa la Newport, alifariki Januari 6, 1993 katika hospitali ya Englewood, New Jersey. Akiwa kitandani alimwomba daktari wake atafutwe utaratibu wa kuwatibu wanamuziki wasio na uwezo. Hospitali hiyo ikakubali kuwapokea bila malipo wale wanaopelekwa na taasisi hiyo, na mamia wametibiwa hapo.

Mwaka 2001 taasisi hiyo ilianza kufanya tamasha lake kubwa la hisani katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Kutoka hapo hadi Hamilton Terrace ni mwendo wa miguu.