Dokta Remmy: aliyetuimbia kifo wakati redio imenyamaza

Wadau, ukipanda daladala zinazopita Barabara ya Shekilango kuna kituo makonda wanakiita Kwa Remmy. Watu wanashuka pale kila siku, lakini muulize kijana wa leo huyo Remmy ni nani uone majibu. Mmoja aliniambia alikuwa na baa! Si kosa lake. Mzee alifariki mwaka 2010, na waliozaliwa mwaka ule sasa wako sekondari. Basi leo tumzungumzie kidogo.

Jina lake Ramadhani Mtoro Ongala. Kazaliwa 1947 upande wa Kindu, mashariki mwa Kongo, enzi za Mbelgiji. Mama yake alishapoteza watoto wawili kabla yake, hivyo mganga akamwambia mimba hii asiende hospitali, akajifungulie porini, na mtoto asikatwe nywele. Inasimuliwa kwamba alitoka akitanguliza miguu na meno mawili tayari mdomoni. Kwa wazee wa kule hiyo ilikuwa alama ya mganga. Ndo ulikotoka udokta wa Remmy, siyo Mlimani.

Baba alifariki Remmy akiwa bado mdogo. Mama naye akafariki. Shule ikafa, akashika gitaa. Ujana wake wote ukaishia kwenye bendi, leo mji huu kesho mji ule, Kongo na Uganda.

Mwaka 1978, mwaka ule Iddi Amin alipotuvamia Kagera, akatua Dar kwa mwito wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake Orchestra Makassy. Mji ulishazoea Wakongo, Maquis walikuwa wameweka mizizi zamani. Kiswahili hakikumpa shida kwa sababu kwao Maniema ndicho kinachosemwa. Sasa angalieni wimbo aliotunga alipokuwa na Makassy: Siku ya Kufa. Kijana mgeni mjini, badala ya kuanza na mapenzi kama wenzake, anaanza na kaburi!

Hapo ndipo hoja yangu ilipo wadau. Tunamwita sauti ya wanyonge, na ni kweli, lakini mimi naona Remmy alikuwa kwanza mwimbaji wa kifo. Unyonge ulifuata humo humo. Maskini hana uwanja wa kulingana na tajiri isipokuwa mmoja, nao ni kaburi.

Makassy walipohamia Nairobi miaka ya mwanzo ya themanini, Remmy alibaki akajiunga na Orchestra Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji cha kusini, baadaye Super Matimila. Humo alikuwemo Batii Osenga kwenye gitaa la solo, alikuwemo na Cosmas Chidumule kwenye kuimba. Muziki wake akauita ubongo beat, yaani wa kutumia akili, na nyinyi mnajua kuishi Bongo kunataka ubongo. Yeye mwenyewe alijiita Sura Mbaya, tena kwa kujidai. Mtu anayejitania hivyo hadharani, wewe utamtukana kwa lipi tena?

Mwaka 1988 kundi la WOMAD likawachukua kuzunguka Ulaya. Mwaka uliofuata wakarekodi Uingereza kwenye studio za Peter Gabriel, lebo ya Real World, albamu iliyoitwa Songs for the Poor Man. Ndani yake kuna Sauti ya Mnyonge, na kuna Kifo. Mwaka 1992 ikafuata ya pili, Mambo. Wazungu walicheza bila kuelewa neno, huku nyumbani tunaoelewa tulikuwa tunafuta machozi.

Manake jamani miaka ile ilikuwa ya misiba. Ukimwi uliingia Kagera 1983, na ulipofika huku mjini tulikuwa tunazika wiki hii, wiki ijayo tena. Mimi nilikuwa kijana wa Temeke. Nakumbuka turubai linahama kutoka nyumba hii kwenda ya tatu kabla viti havijarudishwa. Na hakuna aliyelitaja gonjwa. Utasikia kifua, utasikia malaria, utasikia karogwa. Vijiweni ndo tukasema fulani kakanyaga waya, tena kwa kunong'ona.

Remmy akatoa Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, kila mtu alielewa. Redio Tanzania ikakataa kuupiga, ukaonekana umevuka mipaka ya adabu. Kumbuka huku Bara redio ilikuwa hiyo moja tu, ya serikali. Radio One ilikuja 1994. Ukikataliwa pale basi, umezikwa hai. Lakini wimbo haukuzikwa. Ulitembea kwa kanda, saluni kwa saluni, gereji kwa gereji, na ukumbini watu walikuwa wanaupokea kwa vifijo. Wazee wa mtaani kwetu waliukasirikia kweli kweli, wakisema unafundisha uhuni. Nawaelewa. Ila ukweli ni kwamba kuna vijana waliolisikia neno hilo kwa Remmy kabla ya kulisikia kwa daktari, mimi nikiwemo.

Siasa pia hakuiogopa. Augustine Mrema alipokuwa waziri wa mambo ya ndani akiwasumbua vigogo, Remmy alimwimbia wimbo mzima, ukaingia kwenye ile albamu ya 1992. Mrema baadaye akahama CCM akagombea urais 1995 kwa NCCR-Mageuzi.

Mwaka 2001 kiharusi kikamwangusha. Mwili ukapooza upande mmoja, jukwaa likawa gumu. Baada ya muda tukasikia kaokoka, ameachana na dansi, anaimba injili. Chidumule alishatangulia njia hiyo. Hapo mashabiki wakagawanyika. Wapo waliosema Remmy kawatupa wanyonge wake, wapo waliosema ni ugonjwa umemtisha. Aliendelea hivyo mpaka tarehe 13 Desemba 2010, alipofariki nyumbani kwake Sinza akiwa na miaka 63.

Mimi sikubaliani na wanaosema aligeuka. Mtoto aliyezaliwa baada ya vifo viwili, akawazika wazazi wote, akaanza na Siku ya Kufa, akarekodi Kifo, akatuonya kuhusu gonjwa ambalo hakuna aliyetaka kulitaja. Huyo mtu kageuka wapi? Swali lake lilikuwa lile lile miaka yote: tunakufa, sasa tufanyeje? Kwanza alijibu kwa kututaka tupendane na tusinyanyasane. Halafu akajibu kwa soksi. Mwisho akajibu kwa kanisa. Jibu la mwisho unaweza usilipende, lakini swali halikubadilika hata siku moja.

Anayebisha atafute Siku ya Kufa, aisikilize usiku ametulia, halafu aweke zile za injili. Akimaliza aje tubishane.