Georg Ohm, mwana wa fundi wa kufuli aliyetufunza kusoma betri

Nyumba nyingi za Pwani sasa zina betri ya sola, na betri yenyewe ina kioo cha kuonyesha asilimia ya chaji. Ukiwasha pampu ya maji, sabini inaporomoka hadi ishirini. Ukiizima, asilimia inapanda tena. Hapo lawama humwangukia fundi, na mara nyingine betri nzima huuzwa kwa bei ya kutupa. Aliyetupa ufunguo wa fumbo hili alifariki mwaka 1854, kabla taa za umeme hazijaingia majumbani.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa kufuli ambaye hakupitia chuo, lakini alijisomea hisabati mwenyewe na kuwasomesha wanawe. Mamake alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi. Mwaka 1805 aliingia chuo kikuu cha mji wao, akaupoteza wakati kwa dansi, biliadi na michezo ya barafu. Baba alighadhibika. Kijana akatolewa chuoni na kwenda Uswisi kusomesha hisabati. Alirudi baadaye akapata udaktari mwaka 1811, kisha akaishi kwa ualimu wa shule wenye mshahara mdogo.

Mwaka 1817 alipata kazi katika shule moja mjini Cologne iliyokuwa na maabara nzuri. Ufundi aliorithi kwa babake ukamfaa, kwani aliweza kujitengenezea vifaa vya kupimia. Alitaka kujua waya unapunguza vipi mkondo wa umeme. Tatizo lilikuwa betri. Kila akiunganisha waya, nguvu yake iliyumba na vipimo havikutulia. Kwa ushauri wa mhariri Poggendorff, akaiacha betri akatumia shaba na bismuthi zilizounganishwa, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na wa pili kwenye barafu. Umeme ukatulia.

Mwaka 1826 alitangaza kanuni yake. Ndani yake mlikuwa na ukinzani wa aina mbili: wa waya unaopimwa, na wa sehemu nyingine ya mzunguko, pamoja na chanzo chenyewe cha umeme. Huo wa pili ndio unaotusumbua sisi.

Chukua betri ya volti 12.4 ambayo, pamoja na nyaya zake, ina ukinzani wa ohm 0.02. Pampu ikivuta ampea 60, volti 1.2 hupotea njiani, na kioo husoma 11.2. Kioo kinachokisia chaji kwa kutazama volti pekee kitadhani betri imekwisha, kumbe bado ina chaji nyingi. Mzigo ukiondoka, volti hurudi.

Kuna upande wa pili wenye hasara zaidi. Betri iliyochakaa huwa na ukinzani mkubwa ndani, lakini ikiwa imepumzika huweza kuonyesha volti nzuri kabisa. Ndivyo mnunuzi anavyodanganyika dukani. Pia Mjerumani mwingine, Wilhelm Peukert, alionyesha mwaka 1897 kwamba betri ya risasi ikivutwa kwa kasi hutoa umeme pungufu kuliko ikivutwa polepole. Kwa hivyo si kila kushuka ni uongo wa kioo.

Kitabu cha Ohm cha mwaka 1827 kilipokewa kwa ubaridi nchini kwake. Aliacha kazi Cologne, akaishi miaka ya dhiki Berlin, na mwaka 1833 akapata nafasi Nuremberg. Heshima ilitoka ng'ambo: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley. Kiti cha profesa wa fizikia mjini Munich alikipata mwaka 1852, akafariki tarehe 6 Julai 1854. Mwaka 1881 mkutano wa mafundi wa umeme mjini Paris uliidhinisha kipimo cha ukinzani chenye jina lake.

Basi msomaji wangu, kabla ya kununua betri au kuitupa, mwambie fundi aipime mara mbili: ikiwa imepumzika, na ikiwa na mzigo. Ikishuka kidogo na kurudi, ina afya. Ikiporomoka kwa mzigo mdogo, hiyo ndiyo ya kuogopa. Na kama uwezo upo, funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, maana asilimia inayokisiwa kwa volti peke yake imekwisha wagharimu wengi pesa za halali.