Johannes Kepler, mwanafunzi aliyetaka kuwa pasta



Siku hizi sisi wa kilasi cha mwisho tunaulizwa neno moja tu, nyumbani, ku kanisa na ku njia: kiisha diploma ya Serikali, utaingia fakulte gani? Mmoja anajibu udaktari kwa sababu baba anautaka, mwingine sheria, mwingine ananyamaza. Basi tumeona vema kuandika hapa maisha ya mtu wa zamani aliyepewa kazi asiyoitaka, ili tufikiri pamoja.

Johannes Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 mu mji mdogo wa Weil der Stadt, Ujerumani. Kwao feza ilikuwa shida. Baba alikuwa askari wa kulipwa, akaenda vitani, na mwisho hakurudi tena. Yeye mwenyewe alishikwa na ndui akiwa mtoto, na ugonjwa ule ukamharibia macho. Lakini akili alikuwa nayo, na mtawala wa Württemberg alikuwa analipia masomo watoto wa namna ile. Kwa bursi hiyo aliingia chuo kikuu cha Tübingen mwaka wa 1589. Shabaha yake ilikuwa moja: kuwa pasta wa Kiluteri. Huko mwalimu Michael Mästlin alimfundisha matematika na mafikiri ya Copernicus, kwamba dunia njo inazunguka jua. Kepler aliyapenda, lakini hakuona hapo kazi ya maisha.

Mwaka wa 1594, miezi michache mbele ya kumaliza teolojia, habari ikafika. Masomo ya Waprotestanti ya Graz, inchi ya Austria, yalifiwa na mwalimu wa matematika, na wakubwa wa chuo wakamtaja Kepler. Moyo wake ulisitasita sana. Pasta aliheshimiwa, mwalimu wa matematika, nani alimjali? Tena hakujiona mwenye kipawa kile. Lakini alisomeshwa na feza ya wengine, na kukataa kabisa hakukufaa. Akaitika, akiomba tu njia ya kurudi teolojia isifungwe. Alikuwa na miaka 22.

Mwanzo haukuwa mtamu. Mwaka wa kwanza wanafunzi wake wa matematika walikuwa kidogo sana. Mwaka wa pili, hata mmoja hapana! Wakubwa wa masomo hawakumlaumu, wakampa mafundisho mengine. Lakini katika kazi hiihii, siku moja ya Julai 1595, alipokuwa anachora umbo ku ubao, wazo likamwingia juu ya ginsi sayari zilivyopangwa. Leo tunajua kwamba wazo lile halikuwa la kweli. Hata hivi lilimwamsha. Akaanza kuona kwamba kuhesabu mwendo wa nyota ni njia ingine ya kumtukuza Mungu, na uchungu wa kukosa upasta ukapungua.

Mwaka wa 1600 Waprotestanti walifukuzwa Graz. Kepler akaenda Prague kwa Tycho Brahe, aliyepima nyota kupita watu wote wa wakati ule. Brahe akafa mwaka wa 1601, na Kepler akashika nafasi yake kama mwanamatematika wa Kaisari. Akashindana miaka na sayari ya Mirihi. Hesabu yake ilihitilafiana na vipimo vya Brahe kwa dakika 8 tu za pembe, ni kusema karibu robo ya upana wa mwezi tunavyouona. Mwingine angesema inatosha. Yeye alitupa hesabu yote, akaanza upya, ndipo akavumbua kwamba njia ya sayari si duara kamili, ni duaradufu. Kitabu kikatoka 1609. Sheria yake ya tatu ilitoka 1619, wakati mama yake alikuwa anashitakiwa uchawi. Mtoto akamtetea mpaka akafunguliwa mwaka wa 1621. Sheria hizo tatu njo tunajifunza ku fizika.

Alikufa Regensburg tarehe 15 Novemba 1630, katika safari ya kufuatilia feza alizodai na ambazo hakulipwa. Waalimu wetu watamwelewa!

Sasa sisi? Hatusemi kila mtu ameze tu kile anachopangiwa; Kepler naye aliomba mlango wa kurudi ubaki wazi. Lakini kazi iliyokuwa mkononi aliifanya vizuri, na ndani yake akagundua kipawa ambacho hakukijua. Yule anayejua anachotaka, aseme na wazazi kwa heshima, mapema, mbele ya kujaza karatasi. Yule asiyejua bado, asione haya wala asikae bure: aulize waalimu, ajipime ni somo gani analoweza kuanza upya bila kuchoka. Na ninyi wa vilasi vya chini, muache kuchekelea wenzetu wa pedagojia. Kepler alianzia ku ubao, mbele ya viti vitupu.