Kabla Porsche haijaanza kunguruma, kulikuwa na betri

Hebu tuseme babu yako amekuachia Porsche 911 ya mwaka 1973. Imelala gereji miaka mingi, rangi imepauka na injini imekufa kabisa. Fundi anakuja na wazo: tuing'oe hiyo injini, tuweke mota ya umeme na betri, gari liamke. Utakubali?

Kabla hujajibu, jua kwamba kazi hii inafanyika kweli, hasa Uingereza na Marekani, na inazua ugomvi si haba. Kwa wapenda magari ya kale, 911 bila ule mngurumo wa silinda sita ni kama nyama choma bila moshi. Wengine husema mzee mwenye jina lake angefufuka kwa hasira. Mimi nadhani hao mzee mwenyewe hawamjui. Njoo nikupeleke kwake.

Ferdinand Porsche alizaliwa Septemba 3, 1875, katika kijiji cha Maffersdorf, Bohemia. Siku hizo hiyo ilikuwa himaya ya Austria-Hungary, leo ni Jamhuri ya Czech. Babake alikuwa fundi wa mabati, mtu wa jua kali kabisa, na alitaka kijana arithi karakana. Kijana aligonga mabati mchana, jioni akaenda shule ya ufundi katika mji jirani wa Reichenberg. Lakini kilichomteka akili ni umeme. Alikuwa bado kijana mdogo alipowawekea wazazi wake taa za umeme nyumbani.

Mwaka 1893, akiwa na miaka 18, alihamia Vienna na kupata kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme ya Béla Egger. Akitoka kazini alikuwa akijipenyeza katika mihadhara ya chuo cha ufundi cha jiji hilo bila kusajiliwa. Digrii hakupata. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili huwa nasoma sehemu hii nikitabasamu, ila tusidanganyane: mimi nilisajiliwa nikawa natoroka darasa, yeye hakusajiliwa akawa anatoroka kuingia. Baadaye, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, chuo hicho hicho kilimtunuku udaktari wa heshima. Ndiyo ile "Dr." iliyo katika jina rasmi la kampuni yake mpaka leo.

Sasa sikiza vizuri hapa. Mwaka 1899 Porsche aliajiriwa na Jakob Lohner, bwana aliyetengeneza magari ya farasi ya kifahari. Lohner hakupenda magari ya petroli kwa sababu ya kelele na uvundo wake. Alitaka umeme. Kufikia maonyesho makubwa ya dunia ya Paris, mwaka 1900, kijana wa miaka 24 alikuwa na gari ambalo mota zake zilikuwa ndani ya magurudumu yenyewe, kwenye vitovu vya matairi ya mbele. Hakuna giaboksi, hakuna mnyororo, hakuna mkanda. Umeme unatoka kwa betri moja kwa moja hadi kwa gurudumu. Miaka 71 baadaye, gari ambalo Wamarekani waliendesha mwezini lilikuwa na mota katika kila gurudumu.

Shida ilikuwa ile ile inayowasumbua mafundi leo: uzani. Betri za wakati huo zilikuwa za madini ya risasi, na gari la Paris lilibeba zaidi ya kilo 400 za betri. Mteja mmoja Mwingereza akaagiza gari la mbio lenye mota nne, gurudumu zote zikivuta. Betri zake peke yake zilikuwa kilo 1,800! Hiyo ni nzito kuliko 911 nzima ya babu yako.

Porsche hakukaa kulalamika. Alichukua injini ndogo za petroli akazifunga kwenye gari, si kuzungusha magurudumu, bali kuzungusha jenereta ya kutoa umeme. Gari likaweza kwenda mbali na betri chache. Umewahi kupanda Nissan Note e-Power hapa Nairobi, dereva akakuambia eti injini inachaji tu? Wazo hilo jamaa alikuwa nalo kabla babu ya babu yako hajaona gari. Mwaka 1902, akiwa katika utumishi wa jeshi, alimwendesha mwanamfalme Franz Ferdinand, yule ambaye kuuawa kwake Sarajevo mwaka 1914 kuliwasha vita vya dunia.

Miaka iliyofuata nitaipitia mbio, kwa sababu sehemu kubwa ni petroli. Mwaka 1906 alienda Austro-Daimler, 1923 akahamia Daimler kule Stuttgart, akaunda Mercedes za mbio zilizotetemesha Ulaya. Kila mahali aliondoka kwa mvutano na mabosi, maana alikuwa na hasira za karibu na alipenda kutumia pesa za wengine. Mwaka 1931 akafungua ofisi yake.

Na hapa ndipo wanaosimulia hadithi hii kwa furaha huanza kumeza maneno. Ofisi hiyo haikuwa yake peke yake. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Adolf Rosenberger, dereva wa mbio na mtu wa pesa, Myahudi. Mwaka 1935, Wanazi wakiwa wameshika nchi, hisa za Rosenberger zilichukuliwa kwa bei ya kutupa. Mwaka huo huo alikamatwa na kutiwa kambini, na alipotoka akakimbilia nje. Porsche alibaki na kampuni. Hitler alimtaka gari la bei nafuu la wananchi, na kutoka hapo tukapata Volkswagen, ile Beetle yenye mgongo wa kobe. Porsche alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937 na kupewa cheo katika SS. Vita vilipoanza, kiwanda cha Volkswagen ambacho alikuwa miongoni mwa wakuu wake kiliendeshwa kwa jasho la watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso.

Hata lile wazo lake la ujanani lilirudi, safari hii katika kifaru. Injini za petroli, jenereta, mota za umeme, mfumo ule ule wa 1901, sasa ukisukuma mzinga. Jeshi lilichagua kifaru cha mshindani wake, lakini miili iliyokuwa imeshatengenezwa ikageuzwa mashine za kuharibu vifaru na kupelekwa vitani Urusi mwaka 1943. Zilipewa jina Ferdinand. Mimi hapo huwa nashindwa kutabasamu.

Baada ya vita Wafaransa walimfunga karibu miaka miwili, akaachiliwa mwaka 1947 baada ya pesa kulipwa. Alipotoka, mwanawe Ferry alikuwa katika mji mdogo wa Gmünd, Austria, akiunda gari dogo la michezo kwa vipuri vya Beetle. Hiyo ndiyo 356, gari la kwanza kubeba jina Porsche, mwaka 1948. Mzee alifariki Januari 30, 1951. Ile 911 unayopigania ilionyeshwa mwaka 1963, mchoro wake ukitoka kwa mjukuu wake. Yeye hakuiona hata siku moja.

Kenya tunazijua kazi zote mbili za ukoo huu. Vic Preston alishinda Safari Rally kwa Beetle mwaka 1954, na mwanawe Vic Preston Jr akamaliza wa pili kwa 911 mwaka 1978. Matope yetu yaliipenda kobe zaidi.

Basi turudi gerejini. Fundi anayejielewa hakati mwili wa gari hata kidogo. Mota inafungwa kwenye matundu yale yale yaliyoshika injini, betri zinagawanywa mbele palipokuwa na tangi la mafuta na nyuma palipokuwa na injini, ili gari lisiegemee upande mmoja. Fundi mbaya atajaza betri mpaka gari liwe zito kama lori, breki zishindwe, na utamu wa kona upotee. Bei yake huko ng'ambo inaweza kukununulia nyumba Syokimau, kwa hivyo usianze kuota sana. Hapa Nairobi kazi kama hiyo imefanywa kwa Land Cruiser kuukuu za kupeleka watalii mbugani, na simba hasikii gari likija.

Jibu langu? Kama injini inawaka, iache ingurume, kuna magari mengine ya kufanyia majaribio. Kama imekufa na vipuri havipatikani, weka umeme, na yeyote akikutajia jina la mzee Porsche kukutisha, mwambie aanze kusoma kutoka Paris, 1900, na asiruke ukurasa wa Rosenberger. Ila injini usiiuze kwa watu wa vyuma kuukuu. Ipake mafuta, ifunge kwa turubai, iweke pembeni.