Sheikh Abdallah Saleh Farsy na wanaosoma peke yao

 

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka Unguja na Pemba limo hili, nalo huja kwa sura mbalimbali: watoto wetu wamekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, wamepanga Temeke, Mbagala, Tandika, wengine Kinondoni na Tandale. Wanatoka kazini usiku. Chuo cha karibu ni cha watoto wadogo, na darsa la watu wazima wanaliwahi mara moja kwa wiki au hawaliwahi kabisa. Wanachofanya ni kukaa chumbani na kuisoma Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Je, inafaa kusoma hivyo bila ya mwalimu?

Kabla ya jibu inafaa kumjua mwenye kitabu. Maisha yake yote yalihusu jambo hili hili: nani asome, asome nini, na asome kwa nani.

Sheikh Abdallah (Allaah Amrehemu) alizaliwa Unguja tarehe 12 Februari 1912. Vitabu havikuwa vigeni mjini. Sayyid Barghash alikwishaleta mtambo wa kupiga chapa, vikatolewa vitabu vya Kiibadhi hapa hapa Unguja, na majahazi na meli zilileta vilivyochapwa Cairo na Bombay. Lakini kuwa na kitabu lilikuwa jambo moja na kukisoma lilikuwa jambo jengine. Mpaka leo wazee wetu wakisema fulani amesoma Minhaj, wanakusudia kwamba amekaa mbele ya sheikh, amesomeshwa mlango baada ya mlango, amesahihishwa irabu, mpaka amekikhitimisha. Mtoto alianza na Safina, akapanda kwenye Abu Shujaa, huku akisoma Ajurumiyya katika nahau, na wachache ndio waliofika Minhaj ya Imam Nawawi. Mtu aliulizwa amesoma kwa nani kabla ya kuulizwa amesoma nini.

Yeye alisoma kwa watu wakubwa. Miongoni mwao ni Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir, na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait. Baba zao, Sheikh Abdallah Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumait, walifariki wote wawili mwaka 1925, Sheikh Abdallah akiwa mtoto wa miaka 13. Nyumba zile mbili zilikuwa nyumba za vitabu. Sayyid Ahmad ndiye mwandishi wa Al-Ibtihaj, kinachofafanua istilahi za Minhaj, kitabu kilichotungwa na mtu wa pwani yetu kuwasaidia wasomaji wa kitabu kikubwa. Kwa hivyo kijana Abdallah alikulia mahali ambapo kuandika kwa ajili ya msomaji mwengine kulihesabiwa kuwa ibada.

Lakini alikuwa pia mtoto wa skuli. Alisoma skuli ya Serikali, akapata mafunzo ya ualimu, na tokea 1933 akasomesha. Baadaye akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba. Hili wengi hulipita upesi wanapomsimulia, nami naliona ndilo lililomfanya awe aliyekuwa. Mkaguzi huingia madarasa ya shamba na ya mjini, akasikia watoto wanasoma nini na wanafahamu nini. Watoto wale waliandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu. Baba zao waliokwenda chuoni tu walikisoma kwa herufi za Kiarabu. Wasomaji wa aina mbili walikuwa wakiishi katika nyumba moja, na vitabu vya dini vilikuwa kwa baba. Sheikh Abdallah akaamua kumwandikia mtoto. Akaandika Kiswahili cha mjini, kwa herufi za skuli, vitabu vyembamba ambavyo mtu wa kipato cha chini anaweza kuvinunua.

Orodha ya alivyoandika ni ndefu, na aina zake ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Yapo maisha ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ya wakeze na wanawe, na ya wajukuu zake. Kuna hukumu za ndoa na kuna mawaidha. Kuna tarehe ya Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar mpaka alipofariki 1856. Na kuna Ada za Harusi katika Unguja, kilichotolewa mwaka 1956 na East African Literature Bureau huko huko Dar es Salaam. Mwanachuoni kuandika shughuli za nyumba ya harusi! Wapo walioshangaa. Lakini hakimu anayehukumu baina ya mke na mume asiyezijua ada za watu wake atahukumu kwa kubahatisha.

Hapa pana jambo la fiqhi linalonifurahisha. Imam Ghazali, alipozungumzia nani maskini anayestahiki Zaka, alivigawa vitabu vya mtu. Vitabu anavyovihitaji kusomeshea au kujinufaisha katika dini yake haviuzwi wala havimtoi katika umaskini, kama zisivyomtoa nguo zake. Ama vitabu vya kujipumbazia, kama mashairi na tarehe, hivyo ni mali ya ziada. Kwa kipimo hicho sehemu nzuri ya kabati la Sheikh Abdallah ingehesabiwa ziada, maana alikuwa mpenzi mkubwa wa tarehe. Ila yeye tarehe aliitumia kwa kazi ambayo vitabu vya fiqhi haviifanyi.

Katikati ya miaka ya 1940 alitoa kitabu juu ya Imam Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika, kisha akakipanua, na mwaka 1972 kikatoka Mombasa kwa jina la Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Katika Kiarabu aina hii ya kitabu ni kongwe, huitwa tabaqat: nani alisoma kwa nani, alisafiri wapi, alisomesha nani, alifariki lini. Humo wamo Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, Sheikh Abdulaziz al-Amawi, masharifu wa Lamu na wengineo. Wengi wao hawakuacha vitabu. Waliacha wanafunzi, na wanafunzi nao walikuwa wakifa. Sheikh Abdallah aliyaokota majina yale kabla hayajapotea, na leo hata wataalamu wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wanakitegemea. Kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1989, miaka saba baada ya kufariki kwake.

Sasa tuje kwenye kitabu kilichoulizwa.

Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili. Tafsiri ya mwanzo kamili iliyochapwa katika lugha yetu ilitoka mkononi mwa kasisi, nasi tulikuwa na wanavyuoni mji mzima. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kuandika yake, akafariki 1947 hajaikamilisha. Mwaka 1953 Maahmadiyya wakatoa yao Nairobi. Kilichowazuia wetu hakikuwa uvivu. Wengi waliogopa. Waliona kwamba maneno ya Allaah hayabebwi na lugha nyengine, na kwamba mtu wa kawaida akishika maana mkononi ataacha kukaa chini ya sheikh. Hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini wakati watu wetu wanaogopa, wengine walikuwa wanachapisha.

Sheikh Abdallah alianza kutoa yake kidogo kidogo, juzuu baada ya juzuu, katika miaka ya 1950 kwenye mtambo wa Mwongozi, Unguja. Chini ya aya akaweka maelezo, na ndani yake akawajibu Dale na Maahmadiyya palipohitaji jibu. Maelezo yale ni darsa lililoandikwa. Anaeleza sababu ya kushuka aya, anatahadharisha, mara nyengine anakemea. Ukiyasoma kwa sauti unamsikia mwalimu aliyezoea kuulizwa.

Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar. Yakaja Mapinduzi ya 1964, na miaka iliyofuata ilikuwa mizito kwa wanavyuoni, wengi wakahama. Yeye alihamia Kenya 1967, na mwaka uliofuata akashika ukadhi mkuu wa nchi ile, nafasi aliyokaa nayo mpaka karibu na mwisho wa uhai wake. Tafsiri aliiendeleza huko. Ikatoka kamili mwaka 1969, imechapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi.

Naomba msomaji autazame mwaka ule akiwa amesimama Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mwalimu mkubwa wa mji ule alikuwa Sheikh Hassan bin Ameir, mzaliwa wa Makunduchi, kisiwani kwetu. Mwaka 1968 aliondoshwa Dar es Salaam akarejeshwa Unguja. Mwaka huo huo jumuiya ya East African Muslim Welfare Society ilipigwa marufuku Tanzania, na BAKWATA ikaanzishwa. Sizungumzii siasa yake hapa. Nazungumzia darsa. Mji ulimpoteza mwalimu mwaka 1968, na mwaka 1969 ukapata kitabu.

Na mji wenyewe ulikuwa unatanuka. Watu walikuwa wanajenga mbali na misikiti ya kale ya Kariakoo ambako sheikh na mkeka wake walijulikana, wanakwenda Temeke, Kinondoni, Manzese. Msikiti wa mtaa mpya huanza na kuta na imamu wa kusalisha, na mwenye kusomesha Minhaj huja baadaye, pengine haji. Katikati ya miaka ya 1970 vijana wa Warsha ya Waandishi wa Kiislamu wakaanza kuandika vijitabu vya masomo kwa Kiswahili, kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, watu ambao Safina hawakuwahi kuisoma. Hao ndio wasomaji ambao mkaguzi wa skuli za Unguja alikuwa amewaona kabla yao wenyewe kuzaliwa. Hata leo, ukipita Ijumaa nje ya misikiti ya mitaa ile, Mtambani pale Kinondoni au mmojawapo wa Temeke, utawakuta wauzaji wametandika turubali: tasbihi, miski, gazeti la An-Nuur, vitabu vya dua, na kile kitabu kinene cha Farsy. Ndani ya nyumba mara nyingi utakiona juu ya kabati, kimefungwa kitambaa, kikiteremshwa Ramadhani na siku za msiba. Heshima ya namna hiyo sidhani kama ingemfurahisha sana mwenyewe.

Haikuwa safari ya sifa tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitoa kitabu alichokiita Bid-a, akayakataa baadhi ya mambo yaliyozoeleka pwani nzima, yakiwemo ya watu aliowapenda na kuwasifu. Wenzake waliumia, wengine walimjibu hadharani. Mimi sikusudii kuhukumu hapa mambo yale moja moja. Nataka msomaji ajue tu kwamba anayesoma Bid-a peke yake atamjua Farsy mmoja, na anayesoma Wanavyuoni atamjua mwengine, anayewataja masharifu na mashekhe wake kwa mapenzi makubwa. Kile cha pili hakukifuta alipoandika cha kwanza. Kijana aliyenunua kimoja pale kwenye turubali, akakisoma usiku mmoja na asubuhi akaingia msikitini kugombana na wazee, hajamsoma Sheikh Abdallah.

Alihamia Oman, na huko Maskati alifariki mwaka 1982, akiwa na miaka 70. Allaah Amghufirie na Amjaalie elimu yake kuwa sadaka yenye kuendelea.

Ama jibu la swali. Kuisoma tafsiri ile peke yako kwa ajili ya kuifahamu Qurani na kuwaidhika kunafaa, bali ni kheri, na kwa watu wa hali hiyo ndiko kulikokusudiwa. Kisichofaa ni kutoa hukumu humo: kusema hii halali na hii haramu, au kuhukumu talaka na mirathi, kwa aya moja iliyosomwa chumbani. Sheikh Abdallah mwenyewe alikuwa hakimu, na hukumu hakuzitoa kwa tafsiri ya Kiswahili. Alizitoa kwa vitabu vya fiqhi alivyosomeshwa miaka mingi.

Basi wazazi waliouliza wawaambie watoto wao hivi. Wasome maelezo ya chini pamoja na maana, wala wasiyaruke kwa sababu herufi zake ni ndogo. Wawe na daftari, waandike sura na nambari ya aya kila wanapokwama. Na ile siku moja ya wiki wanayoliwahi darsa, Temeke au Kinondoni, wende na daftari lile na kitabu chenyewe, wamsubiri sheikh amalize kusomesha, kisha wamuulize.