George Gershwin: Aliambiwa ni matatizo ya akili, kumbe uvimbe ulikuwa unakua ndani ya kichwa

Wimbo wa Summertime umeimbwa na watu wengi, kuanzia Ella Fitzgerald na Louis Armstrong hadi Janis Joplin. Aliyeutunga, Mmarekani George Gershwin, alifariki dunia Julai 11, 1937 akiwa na miaka 38 tu.

Siku 15 kabla ya kifo chake alitoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Kwenye karatasi zake madaktari walikuwa wameandika kwamba huenda ni histeria. Kwa lugha nyepesi: mwili hauna shida, tatizo liko kwenye hisia zake.

Haikuwa hivyo hata kidogo.

Gershwin alizaliwa Brooklyn, New York, Septemba 26, 1898, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Piano ya kwanza nyumbani kwao ilinunuliwa kwa ajili ya kaka yake, Ira, lakini George ndiye aliyeikalia na hakuiachia tena. Akiwa na miaka 15 aliacha shule, akaajiriwa kupiga piano kwenye kampuni iliyokuwa ikiuza nyimbo zilizochapishwa. Mshahara ulikuwa dola 15 kwa wiki.

Mwaka 1919 wimbo wake wa Swanee, ulioimbwa na Al Jolson, ukamtoa. Mwaka 1924 akaja na Rhapsody in Blue, na dunia ya muziki ikageuka kumtazama. Ira naye akawa mwandishi wa maneno ya nyimbo zake, na ndugu hao wawili wakafanya kazi pamoja hadi mwisho.

Sasa kuna jambo moja la kuliweka akilini. Kwa miaka mingi Gershwin alikuwa akilalamika kuhusu tumbo, na madaktari hawakupata sababu. Kuanzia mwaka 1934 akawa anaenda kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili mjini New York, Gregory Zilboorg, kwa tiba ya mazungumzo. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Shida ni kwamba alipokuja kuugua kweli, tayari alikuwa anajulikana kama mtu wa kulalamika vitu ambavyo daktari havioni.

Agosti 1936 yeye na Ira walihamia Beverly Hills, California, kutunga nyimbo za filamu. Opera yake kubwa, Porgy and Bess, ilikuwa imeonyeshwa mara 124 tu Broadway na waliowekeza walipoteza hela. Hollywood kulikuwa na pesa, ila mabosi wa filamu walitaka nyimbo za haraka zinazopendwa na kila mtu. Juu ya hayo, Gershwin alikuwa amempenda mwigizaji Paulette Goddard, ambaye alikuwa na Charlie Chaplin.

Kwa hiyo watu walikuwa na majibu tele hata kabla ya kuuliza. Kazi haimpendezi, mapenzi yamemkatalia, amezoea kusifiwa. Nani asingechanganyikiwa?

Februari 1937 alikuwa jukwaani Los Angeles na okestra, akipiga utunzi wake mwenyewe, Concerto in F. Katikati ya kupiga, ghafla akapotea kwa muda mfupi na noti zikamtoka. Rafiki yake Oscar Levant, naye mpiga piano, alikuwa ukumbini na aliliona kosa hilo. Gershwin alisema baadaye kwamba wakati ule alisikia harufu ya mpira unaoungua. Hakuna kitu kilichokuwa kinaungua.

Miezi michache baadaye ikamtokea tena akiwa kwa kinyozi. Harufu ileile, kizunguzungu, kisha inapita kana kwamba hakikutokea kitu.

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Harufu isiyokuwepo, inayokuja kwa sekunde chache na kuambatana na kupotewa na fahamu kidogo, ni aina ya kifafa. Inatokana na sehemu ya ubongo iliyo upande wa ndani wa panja, karibu na eneo linaloshughulikia harufu. Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alikuwa ameeleza dalili hizo tangu karne ya 19. Kwa hiyo si kwamba mwaka 1937 elimu hiyo haikuwepo. Ilikuwepo, ila mgonjwa alikuwa amekwisha kupewa jina jingine.

Kufikia Juni maumivu ya kichwa yalikuwa makali, hasa asubuhi, na mwanga ukamuumiza macho. Akapelekwa kwa Ernst Simmel, mtaalamu mwingine wa magonjwa ya akili. Tuwe wakweli: Simmel hakumfungia tu kwenye kochi lake, bali alitaka apimwe mwili pia. Lakini vipimo vya mwanzo havikuonyesha kitu cha maana.

Juni 23 akalazwa hospitali ya Cedars of Lebanon. Madaktari walitaka kumchoma sindano ya mgongoni ili kutoa maji ya uti wa mgongo na kuyapima. Gershwin akakataa, maana kipimo hicho kina maumivu. Mashine za kupiga picha ya ubongo kama tulizonazo leo hazikuwepo. Siku tatu baadaye akaruhusiwa kwenda nyumbani, na lile neno histeria likaenda naye.

Na neno hilo lilifanya kazi yake. Walioishi naye walisimulia kwamba alianza kumwaga chakula mezani na kuangusha vijiko, hadi shemeji yake Leonore, mke wa Ira, akamwondoa mezani. Siku moja alianguka barabarani, na wakasema aachwe tu, anatafuta kuonewa huruma. Alipewa zawadi ya chokoleti, akaziponda na kujipaka mwilini. Akiwa ndani ya gari linalotembea alijaribu kumsukuma dereva nje.

Ukiyasoma leo unaona ubongo unaobanwa. Wao waliona mtu mzima anayedeka. Wala si kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa wameambiwa na wataalamu kwamba mwilini hana kitu.

Ili apate utulivu, alihamishiwa kwenye nyumba ya rafiki yake, mtunzi wa maneno ya nyimbo Yip Harburg. Huko ndiko alikoanguka Julai 9 na kuzimia. Safari hii madaktari walipochunguza macho yake, waliona uvimbe nyuma ya jicho, dalili kwamba kuna mgandamizo mkubwa kichwani. Habari ya histeria ikaishia hapo.

Ghafla kila kitu kikawa cha haraka. Alitafutwa Walter Dandy, mpasuaji maarufu wa ubongo, ambaye alikuwa mapumzikoni kwenye boti, ghuba ya Chesapeake, upande wa pili kabisa wa nchi. Hadi Ikulu ya Marekani iliombwa msaada, na vyombo vya serikali vikatumwa majini kumfuata. Dandy alifika uwanja wa ndege wa Newark, akaambiwa kwa simu kwamba hali ya mgonjwa haisubiri. Upasuaji ulifanywa na madaktari waliokuwa karibu, akiwemo Howard Naffziger wa California.

Walikuta uvimbe mkubwa kwenye panja la kulia. Gershwin hakuzinduka. Alikata roho asubuhi ya Julai 11.

Uvimbe ulitajwa kuwa glioblastoma, saratani ya ubongo inayoua haraka. Dandy mwenyewe aliona kwamba hata kama upasuaji ungefaulu, ugonjwa ungerudi. Lakini miaka mingi baadaye madaktari wengine waliopitia kumbukumbu hizo walitilia shaka aina ya uvimbe, wakasema huenda ulikuwa wa kukua polepole. Kama hao ndio wako sahihi, basi miezi iliyopita tangu usiku ule wa Februari ilikuwa na thamani kubwa sana.

Wakati anaugua, Gershwin alikuwa akitunga nyimbo za filamu ya The Goldwyn Follies. Mmoja wa mwisho, Love Is Here to Stay, ulibaki haujaandikwa wote. Levant na mtunzi Vernon Duke wakasaidia kuuweka sawa kwa kumbukumbu ya jinsi alivyokuwa akiupiga, na Ira akaandika maneno yake akiwa na msiba wa mdogo wake. Filamu ilitoka mwaka 1938. Ira aliishi hadi mwaka 1983, hapohapo Beverly Hills.